Mama Zima

Shamba zima lilimjua kwa jina la Mama Zima, na aliyembandika jina hilo hakulitoa kwa mapenzi. Kila alipofika penye mashine neno lake la kwanza lilikuwa "zima", na la pili lilikuwa hilohilo, kwa sauti ya chini zaidi, ambayo madereva wa trekta walisema ni mbaya kuliko ya kwanza. Salamu zilifuata baadaye, mashine ikishanyamaza. Watu walisema mhandisi yule ana dharau. Hawakumsingizia. Alikuwa nayo ya kutosha kugawia majirani, ila wengi walikosea kudhani inawaelekea wao.

Ilimwanza mapema, akiwa bado msichana wa chuo anayesomea uhandisi wa kilimo. Alipelekwa kwa mafunzo ya vitendo kwenye karakana moja ya mashine za shamba, na siku moja ikaletwa mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Mtu alikuwa amepoteza mkono ndani yake. Mkuu wa karakana akaagiza ioshwe. Ikapigwa maji ya mpira, visu vikanolewa, ikapakwa rangi ya kijani ikang'aa kama mpya, na kabla ya jua kuzama ikawa juu ya gari inarudi shambani kulekule, mdomo wake wazi vilevile. Msichana akauliza kwa nini wasiuwekee mdomo ule kizuizi. Mkuu akamjibu kwa upole kabisa kwamba mteja hakuomba kizuizi, ameomba visu. Msichana akamtazama mzee yule, mkanda umefungwa chini ya tumbo, kalamu zimejipanga mfukoni kama mishumaa, akafahamu kwamba mtu anaweza kuwa mpole, mcheshi na mcha Mungu, na bado akawa bure kabisa.

Aliporudi chuoni, wenzake walikuwa wakichagua mambo ya kuwatoa kimaisha. Wengine walikwenda kwenye umwagiliaji, wengine kwenye biashara ya matrekta. Yeye akachagua usalama wa wafanyakazi wa mashamba, somo lililokuwa na mwalimu mmoja anayehesabu miezi ya kustaafu na darasa lenye viti vingi kuliko watu. Wakamtania kwamba atapata shahada ya vifuniko.

Kazi ya kwanza aliipata kwenye taasisi ya kupima mashine kabla hazijauzwa kwa wakulima. Aliipenda kwa muda mfupi. Alikuwa akiiwasha mashine, akiizunguka, akiipigia magoti, akitafuta mahali ambapo mkono uliochoka, au mkono wa mtu mwenye haraka, au shati lisilofungwa vifungo, lingeweza kuingia. Alipopaona, aliandika kwamba mashine haifai. Kisha karatasi ilipanda ghorofani kwa mkurugenzi, na iliposhuka mashine ilikuwa inafaa. Mkurugenzi huyo alimweleza kwamba mwagizaji ni mtu wa watu, na kwamba mfanyakazi mwerevu haingizi mkono mahali pasipostahili. Mhandisi akamuuliza kama yeye, kwa werevu wake, hajawahi kubanwa kidole na mlango wa gari. Mkurugenzi akacheka, akafunga mafaili, akaenda kula. Miaka ikapita hivyo. Siku aliyoacha kazi, walimmwagia maneno matamu na kumpa saa ya ukutani ambayo haikuwa na betri.

Ndipo anapoingia shemeji.

Mhandisi alikuwa na mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa mama yao, mpole na mzuri wa sura, aliyeolewa na mwanamume aliyeanza maisha kwa kuuza matrekta kwa ulimi. Ulimi huo ulimpandisha ngazi hadi akawa mkurugenzi wa kampuni kubwa ya mashamba: mahindi, alizeti na ng'ombe wa maziwa, na vihenge vya chuma virefu vya kuhifadhia nafaka vilivyoonekana kutoka barabara kuu. Wafanyakazi walimwita Bwana Picha. Hakuna jambo lililofanyika pale, liwe kuchimba choo au kuzaliwa kwa ndama, asilisimamie kwa kupigwa picha akilinyooshea kidole.

Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wamemwambia kwamba hawatachukua nafaka yake mpaka awe na mhandisi wa usalama. Basi akaja nyumbani kwa shemeji yake, akakaa kwenye kochi na kujitandaza, akasifu chai, akasifu mapazia.

"Shemeji, nataka nikupe heshima yako," akasema.

"Heshima ninayo. Sema unachotaka."

Akasema. Mume wa mhandisi, mwalimu wa hesabu, alikuwa pembeni akisahihisha madaftari, na hakuinua kichwa mpaka mgeni alipoondoka. Hapo akamuuliza mkewe kama kweli ataweza kufanya kazi chini ya mtu ambaye hata kumsalimia humpa taabu.

"Kule nitakuwa karibu na mashine," mkewe akamjibu. "Yeye nitamvumilia."

Ofisi aliyopewa ilikuwa kibanda kati ya choo cha wanaume na stoo ya magunia. Nje ya kibanda kilitundikwa bango kubwa lenye sura ya shemeji mwenyewe, amevaa kofia ngumu, kidole juu, na chini yake maneno ya kuhimiza usalama. Kwenye kofia ile kibandiko cha dukani kilikuwa hakijabanduliwa. Mhandisi alilipita bango hilo kila asubuhi, na kila asubuhi alisonya, taratibu, kama mtu anayetia sahihi ya kufika kazini.

Alianza na matrekta. Nyuma ya trekta hutoka shafti inayozungusha mashine nyingine, na shafti hiyo ikishika upindo wa nguo huisokota nguo na mwenye nguo pamoja, kabla hajapata hata kupiga kelele. Zote zilikuwa uchi. Akatengeneza kinga za kuzifunika, zikafungwa, na baada ya muda mfupi akazikuta zimetupwa nyuma ya karakana kama maganda. Aliwatukana madereva moyoni matusi ambayo mama yake hakumfundisha. Kisha akavaa ovaroli, akalala chali chini ya trekta, akajaribu kutia grisi. Haikuwezekana bila kuivua kinga yote, boliti kwa boliti. Akatambua kwamba safari hii mpumbavu ni yeye. Akaichora upya, akaipa kidirisha cha kuteleza ambacho mtu hufungua kwa kidole, anatia grisi, anafunga. Kinga zile hazikuvuliwa tena. Shemeji alipigwa picha na moja.

Kazi iliyomnyima raha ilikuwa ya vihenge. Mahindi ndani ya kihenge huonekana kama sakafu. Mtu akikanyaga anaona yuko salama. Lakini chini kuna parafujo kubwa linalozunguka na kuyatoa nje kwenda kwenye malori, na likiwashwa, ile sakafu hugeuka kuwa maji yanayokimbilia shimoni, na mtu aliye juu yake huzama wima kama mwiko kwenye uji. Mara nyingine mahindi yenye unyevu hugandamana, hivyo watu huingia na miti kuyavunja. Walikuwa wakiingia parafujo likiwa linazunguka, kwa sababu kulizima ni kuyachelewesha malori.

Mhandisi akaweka utaratibu mfupi usiohitaji elimu. Anayeingia anazima swichi mwenyewe, anaifunga kwa kufuli, na ufunguo unaingia naye mfukoni mwake. Anajifunga kamba. Mwenzake anabaki juu mlangoni, ameishika kamba hiyo, na haondoki hata akiitwa na nani. Pia alikunja mabati mazito, akayapa mishikio, yaweze kuunganishwa kuwa duara, kwa ajili ya siku ambayo utaratibu utavunjwa, kwa kuwa aliwajua watu aliokuwa akifanya nao kazi. Shemeji alipoyaona akacheka mpaka akashika mbavu, akayaita mabafu ya injinia, akaagiza yasukumwe stoo nyuma ya mbolea. Makufuli aliyapenda. Yalikuwa mekundu, yalitoka vizuri kwenye picha.

Msimu wa mavuno ulipopamba moto, malori yalijipanga kutoka ghalani hadi langoni. Aliyetumwa kihengeni siku hiyo alikuwa kibarua mmoja mrefu kupita kiasi, waliyemwita Twiga. Akazima, akafunga, akatia ufunguo mfukoni, akajifunga kamba, akaingia. Mwenzake akabaki mlangoni kama ilivyoagizwa. Kisha msimamizi wa ghala, mwanamume aliyekuwa na kipaji cha kucheka kabla mzaha wa bosi haujaisha, akapaza sauti kutoka chini akimtaka yule wa kamba ashuke kusaidia kupakia. Akakataa. Akatishiwa kazi. Akashuka. Msimamizi alipomwona chini, akajiaminisha kwamba na Twiga kashuka, akatoa ufunguo mwingine mfukoni mwake, akafungua kufuli, akawasha.

Mhandisi alikuwa karakanani. Hakusikia ukelele, kihenge cha chuma humeza sauti ya mtu. Alichosikia ni mlio wa parafujo, na alikuwa akijua nani yuko ndani. Aliondoka mbio, mwanamke wa umri wake, na wanasema hajawahi kuonekana akikimbia tena. Alipofika akapiga swichi kwa kiganja, akakwea ngazi, akachungulia. Twiga alikuwa amezama hadi kwapani, mikono juu, uso umeganda. Angekuwa mtu wa kimo cha kawaida, wangekuwa wanatafuta maiti.

"Injinia, mwambie mke wangu..." Twiga akaanza.

"Utamwambia mwenyewe. Nyamaza, vuta pumzi fupifupi."

Kila alipotoa pumzi mahindi yalijaza nafasi na kumbana zaidi. Mhandisi akaagiza mabati ya stoo yaletwe upesi, na mbao, na ndoo. Wakati yanaletwa akatokea shemeji, tai imerushwa begani, simu mkononi. Akachungulia mara moja tu, akageuka na kutoa amri kwa sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa: kamba ya Twiga ifungwe kwenye trekta, avutwe atoke, malori yanasubiri.

"Ukimvuta utapata nusu yake," mhandisi akasema.

"Shemeji, huu si wakati wa kubishana."

"Kweli. Shuka."

"Mimi ndiye mkurugenzi hapa."

"Basi ingia wewe, uyaelekeze mahindi."

Hakuna aliyecheka, lakini dereva wa trekta akazima injini na kuteremka. Shemeji akabaki kwenye ngazi, hana mbele wala nyuma, mpaka wabeba mabati walipomwomba apishe.

Mhandisi alilala kifudifudi juu ya ubao uliotandazwa juu ya mahindi, akamteremshia Twiga bati la kwanza ubavuni, kisha la pili, watu wakiyakandamiza kwa uzito wa miili yao, mpaka duara likamzunguka na mahindi ya nje yakashindwa kumsogelea. Ndipo wakaanza kuchota yaliyo ndani ya duara, ndoo kwa ndoo, kama watu wanaokausha kisima. Kifua kikatoka. Kiuno kikatoka. Katikati ya shughuli hiyo mhandisi akainua macho kwenye mlango wa juu, akaona simu. Shemeji alikuwa amemsimamisha dereva wake apige picha, na alikuwa akimwelekeza asimame upande ambao yeye, mkurugenzi, ataonekana akitazama kwa wasiwasi. Mhandisi baadaye alimwambia mumewe kwamba mpaka dakika ile alikuwa akimchukia shemeji yake. Baada ya hapo chuki iliisha, kwa kuwa hukichukii kitu usichokiona kuwa mtu.

Twiga akatoka, miguu yake haina damu, akakalishwa chini. Mhandisi akateremka, akamkabili msimamizi, akamuuliza ufunguo wa pili ulitoka wapi. Msimamizi siku hiyo alikuwa amesahau kucheka.

"Bosi alisema uwepo wa akiba. Kwa dharura."

"Dharura gani?"

Msimamizi akatazama chini.

"Malori," akasema.

Mtu mwingine angedhani aibu hiyo ingetosha. Lakini shemeji alikuwa amevaa miwani ya mbao. Kabla ya wiki kuisha likabandikwa tangazo kwamba kibarua fulani amefukuzwa kwa kukiuka utaratibu wa usalama, na jingine kando yake, lenye maua pembeni, kwamba kutaandaliwa hafla ya kumtunuku mhandisi wa kampuni kwa ushujaa, mbele ya wakaguzi wa wanunuzi. Walitaka kumvisha kilemba cha ukoka, na Twiga ndiye alipie ukoka.

Mdogo wake alikuja nyumbani kumwona. Hakukaa sebuleni, aliingia moja kwa moja jikoni, akasimama karibu na sinki, akaanza kuosha vyombo visivyokuwa vichafu. Alikuwa hivyo tangu utotoni, akitaka kusema jambo zito lazima mikono iwe na kazi.

"Dada, pokea tu ile zawadi. Upigiwe makofi, urudi nyumbani."

"Na Twiga?"

"Atapata kazi kwingine. Ukimwangusha mume wangu, unaniangusha mimi na watoto."

"Twiga naye ana watoto."

"Twiga si ndugu yako."

Mhandisi akamnyang'anya sahani, akaifuta, akaiweka kabatini. Alimpenda mdogo wake. Alikuwa amembeba mgongoni, akamfundisha kusoma, akamsuka nywele asubuhi za shule. Sasa alimtazama akaona jinsi mtu anavyoweza kulala kitanda kimoja na mpumbavu kwa miaka mingi mpaka upumbavu ukamnukia na yeye, kama moshi kwenye nguo.

"Ndugu zangu hawaingii kwenye vihenge," akasema. "Ndiyo maana hawanihitaji."

Mdogo wake akajifuta mikono, akaaga kwa adabu, akaondoka. Mhandisi aliketi kwenye kiti cha jikoni, na mumewe alipomkuta pale akawasha birika.

Siku ya hafla mahema yalifungwa mbele ya ofisi kuu, viti vikavalishwa vitambaa vyeupe, spika zikapangwa. Wakaguzi wa wanunuzi walitembezwa, wakaonyeshwa kofia ngumu na mabango, wakaandika kwamba kofia zipo na mabango yapo. Hawa nao, kwa maoni ya mhandisi, walikuwa vipofu waliolipiwa nauli. Hapo ghalani parafujo lilikuwa likinguruma, maana shemeji hakuona sababu ya malori kusimama kwa ajili ya sherehe ya usalama. Akapanda jukwaani. Akazungumza juu ya ubinadamu. Akasema katika kampuni hii kila mfanyakazi ni kama mtoto wake. Akamwita shujaa wa siku ajitokeze.

Hakujitokeza. Makofi yakapigwa, yakafifia, yakapigwa tena kwa kulazimishwa. Shemeji akatabasamu, akasema wataalamu mnawajua, hawana saa, akaendelea na hotuba. Alikuwa amerudi kwenye ubinadamu wakati mngurumo wa ghalani ulipokatika ghafla. Ukimya uliofuata ulikuwa mkubwa kiasi kwamba sauti yake kwenye spika ikawa kama ya mtu anayepiga domo bafuni. Watu wakageuza shingo.

Mhandisi alikuwa pale chini ya kihenge, kiganja chake bado kiko kwenye swichi. Kando yake alisimama afisa kazi wa serikali, bwana mmoja mkavu mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa, na nyuma yao Twiga, na yule mwenzake wa kamba. Walikuwa wametoka ofisini kwa afisa, ambako walikaa asubuhi nzima wakieleza mambo yalivyokuwa, na mwenzake wa kamba alieleza huku akilia. Afisa hakutaka chai wala kiti. Akazungusha utepe kwenye swichi, akaubana kwa lakiri, akahamia kihenge cha pili.

Shemeji akaja mbio, maikrofoni bado mkononi, waya ukamvuta nyuma kama mbwa aliyefungwa. Akawageukia wakaguzi akawaambia kwamba shemeji yake ana uchovu, amekuwa na msongo tangu siku ya ajali. Mkaguzi mmoja akamuuliza: ajali gani? Kwenye barua yao waliandikiwa ushujaa tu. Na hapo ulimi uliouza matrekta ukakosa cha kuuza.

Vihenge vikafungwa msimu ukiwa umepamba moto. Malori yakageuza yakaondoka tupu. Kampuni ikaamriwa imrudishe Twiga na kumlipa siku zake, na iwekee kila swichi kufuli lisilo na ufunguo wa pili. Shemeji alimfukuza msimamizi wa ghala jioni ileile na kuwaambia watu kwamba kosa lote ni la yule bwana. Msimamizi alibeba kikapu chake akapita mbele ya kibanda cha mhandisi, na mhandisi hakumwonea huruma, ila alikiri kwamba hata mbwa hutupwa kwa heshima zaidi. Wiki iliyofuata mhandisi naye akatolewa. Barua ilisema cheo chake kimefutwa. Kibandani hakukuwa na cha kufungasha, akachukua ovaroli na rula.

Idara ya kazi ilimchukua. Alizunguka kwenye mashamba ya watu, na kazi ilikuwa ileile na watu walewale wenye majina mengine: wenye mashamba waliomwita mama na kumfungulia soda, wakamweleza kwamba wafanyakazi wao ni wavivu, na ndiyo maana wanakatika vidole. Alikunywa soda. Akasema zima. Baada ya miaka kadhaa ya kuwakalia kooni wakubwa, kanuni ikapitishwa kwamba kihenge chochote kisicho na kufuli na mshika kamba kitafungwa. Hakualikwa kwenye kikao cha kuipitisha. Mdogo wake muda wote huo alikuwa hamsemeshi. Wakikutana kwa mama yao walipokezana mama kama watu wa zamu hospitalini, mmoja akiingia mwingine anatoka.

Kisha mama yao akavunjika nyonga, na zamu zikashindikana. Mzigo ukawa mkubwa mno kwa mmoja mmoja. Siku ya Jumapili wakajikuta wote nyumbani kwa mama, na waume zao, na wajomba na mashangazi waliokuja kumjulia hali. Shemeji alikuwa amenenepa akazidi kupendeza. Alikuwa sasa mwenyekiti wa kamati ya usalama ya chama cha wenye mashamba. Akakaa katikati ya sebule, akawasimulia wajomba jinsi siku moja alivyomwona kibarua wake hatarini, jinsi moyo ulivyomuuma, akakaa akafikiri, akabuni ule mpango wa makufuli ambao sasa nchi nzima inaufuata. Wajomba wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Mwalimu wa hesabu akaacha kutafuna. Akamtazama mkewe, na mkewe akamwashiria kwa nyusi aendelee kula.

Hakuumia, au hakuumia alivyotarajia. Alimsikiliza shemeji yake kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Kisha akachukua mashuka ya mama akaenda nyuma ya nyumba kuyafua.

Shemeji akamfuata. Alisimama mbali na maji kwa ajili ya viatu vyake, akatazama ukuta, akakohoa.

"Shemeji, wiki hii nina mkutano na wenye mashamba. Wataniuliza maswali ya kitaalamu. Nielezee kidogo. Maneno mawili matatu tu."

"Maneno ya nini?"

"Ya huo mpango wangu. Wa makufuli."

Alikuwa na macho makavu kabisa. Mhandisi akalikamua shuka, maji yakatiririka, na kwa kitambo alijipa raha ya kumwazia shemeji yake mbele ya ukumbi uliojaa, ameulizwa swali, anajikuna shingo. Ingekuwa tamu. Lakini aliwajua wenye mashamba. Wangecheka, kisha wangerudi makwao na kufanya lolote lile ambalo mwenyekiti alilitamka, liwe sawa au kombo, kwa sababu limetoka kwa mtu mwenye suti, na vibarua wangeingia kwenye mahindi kwa maneno hayo.

"Kaa," akamwambia.

Pa kukaa palikuwa ndoo iliyopinduliwa. Shemeji akaifuta kwa kitambaa, akakaa, magoti yakamfika kifuani. Mhandisi akamweleza polepole kama anayemfundisha mtoto wa darasa la pili, na hakujaribu kuificha sauti hiyo. Kisha akamtaka arudie.

"Msimamizi anazima swichi," shemeji akaanza, "anaifunga, ufunguo anakaa nao yeye..."

"Hapana. Tena."

"Msimamizi anazima..."

"Msimamizi haingii. Msimamizi yuko kivulini anakunywa chai. Nani anakaa na ufunguo?"

Shemeji akafikiri. Alifikiri kwelikweli, paji la uso limekunjamana, na ilikuwa dhahiri kwamba miaka yote hiyo, katika hotuba zote na picha zote, hajawahi kujiuliza jambo hilo hata mara moja.

"Anayeingia," sauti ikasema mlangoni.

Mdogo wake alikuwa amesimama pale na beseni la pili la mashuka. Haikujulikana amesimama tangu lini. Hakumtazama dada yake wala mumewe. Akashuka ngazi, akaweka beseni chini, akapiga magoti upande wa pili wa maji, akashika ncha ya shuka lililokuwa mkononi mwa dada yake, wakaanza kulikamua pamoja, mmoja akisokota kulia, mwingine kushoto, kama walivyofundishwa na mama yao.

"Umesikia?" mhandisi akamuuliza shemeji.

"Nimesikia."

"Haya. Mwanzo kabisa."

Shemeji akavuta suruali juu isilowe, akaanza tena.